Ctrl+C na Ctrl+V zilitoka wapi?

Ukiingia saiba pale Kitengela au Kajiado mjini kujaza fomu, kila dakika ni pesa, na kibodi huenda ikawa imefutika herufi. Njia za mkato ndizo mkombozi. Lakini nani alizichagua?

Larry Tesler na Tim Mott, wakiwa Xerox PARC huko California, walitengeneza programu ya Gypsy katikati ya miaka ya 1970. Ndiyo iliyoleta kukata, kunakili na kubandika tunavyovijua. Tesler akahamia Apple mwaka 1980, na kompyuta ya Lisa ilipotoka mwaka 1983, kazi hizo zilipewa X, C na V, na Z ikawa ya kutengua. C imetoka kwenye Kiingereza, lakini X ni kama alama ya kufuta neno. Zote nne zimepangana chini kushoto, kwa hiyo vidole hukariri mahali, si lugha.

Upande wa PC, IBM ilikuwa na njia yake: Ctrl+Insert kunakili, Shift+Insert kubandika, Shift+Delete kukata. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ikakubali Ctrl+C na wenzake, ila zile za zamani hazikuondolewa. Kwa hiyo kitufe cha C kikifa, jaribu Ctrl+Insert.

Tahadhari moja: Shift+Delete hukata maandishi, lakini ukiibonyeza juu ya faili, inafutwa bila kupitia Recycle Bin. Usije ukalia!