Dawa Iliyopitia kwa Ng'ombe

Kutoka Mpepai, Mbinga, hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa ni nchi ya milima, na mito yake inakwenda mbio. Usubi anapenda maji ya namna hiyo. Ni inzi mdogo mweusi, na akikuuma anaweza kukuachia minyoo. Wakikua, minyoo hao hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi miaka 10 hadi 15, wakizaa tu. Watoto wao ndio wanaomfanya mtu ajikune usiku kucha, ndio wanaoingia machoni na kuleta upofu.

Ruvuma ni moja ya sehemu za Tanzania ambako ugonjwa huu umeota mizizi. Watu humeza ivermectini kila mwaka. Mgawa dawa, aliyechaguliwa na kijiji chenyewe, anakusimamisha kando ya kijiti na kuhesabu vidonge kwa kimo chako. Hakuna mizani wala daktari.

Sasa, dawa hiyo ilitoka wapi? Kwenye udongo. Miaka ya 1970 Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato, Japani, alipata bakteria kwenye udongo wa karibu na uwanja wa gofu wa Kawana, akawapeleka kampuni ya Merck, Marekani. Huko William Campbell na wenzake wakaona wanatoa kitu kinachoua minyoo. Mwaka 1981 ikaingia sokoni, lakini kama dawa ya mifugo, ikauzwa kwelikweli. Ng'ombe ana mwenyewe mwenye pesa.

Kilichotuokoa sisi ni farasi. Campbell alikuwa ameona dawa inaua vijiminyoo vya ukoo uleule wa usubi kwenye ngozi ya farasi, na Mohammed Aziz, mtafiti kutoka Bangladesh, akaanza kuijaribu kwa watu huko Dakar, Senegal. Mwaka 1987 Merck ikatangaza kuitoa bure kwa muda wowote itakapohitajika. Uamuzi ule unasifiwa, na mimi nausifu. Ila tuseme ukweli: ng'ombe walikuwa wameshalipa. Ōmura na Campbell walipewa Nobel mwaka 2015. Aziz alifariki mwaka uleule wa 1987, na Nobel haipewi marehemu.

Tatizo ni kwamba ivermectini huua watoto wa minyoo, wakubwa wanabaki. Kule Mahenge watu wamemeza kwa miaka mingi na usubi bado upo, pamoja na kifafa kinachoangusha kichwa cha mtoto kama anayesinzia. Daktari Louise Jilek-Aall alikiona huko tangu miaka ya 1960. Leo watafiti wanakihusisha na usubi.

Moksidektini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 baada ya majaribio Ghana, Liberia na mashariki mwa Kongo, huwazuia watoto hao kwa muda mrefu zaidi. Iliombewa kibali na shirika lisilotafuta faida, likishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Nayo ilikuwa dawa ya mifugo.

Halafu kuna emodepsidi, dawa ya minyoo ya paka. Kumbe hata paka wametutangulia! Bayer na shirika la DNDi waliingia makubaliano mwaka 2014, na majaribio yaliyofanyika Pemba, yaliyochapishwa 2023, yalionyesha inafanya kazi vizuri dhidi ya minyoo ya tumbo. Sasa inachunguzwa kama itaweza kuwaua wale wakubwa wa usubi, walioko ndani ya vinundu. Isipoweza, mgawa dawa wa Mbinga atapita tena mwakani na kijiti chake.