Miguu Iliyonyoshwa: Sura ya Huduma ya Uponyaji Upareni

Katika Milima ya Upare, safari huanza kwa miguu. Kutoka Mbaga, Chome au Vudee, watu hupanda na kushuka kwenda shambani, shuleni na ibadani. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kwa ndani na kisigino kilichovutwa juu, alikabiliwa na hatari ya kubaki nyuma ya wenzake.

Dayosisi ya Pare ilipoanzishwa mwaka 1975, Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kuhudumu miaka minne, kilomita zipatazo 100 kutoka Same. Mwaka 1981 kikaanzishwa hapo chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo.

Mguu usiotibiwa hukomaa katika upinde wake. Mtu hukanyagia ubavu wa wayo, ngozi ikafanya sugu na vidonda. Hapo daktari hulazimika kukata mifupa ya katikati ya wayo na kuondoa kipande chenye umbo la kabari, kisha huzifunga pande mbili kwa pini za chuma. Mfupa hupunguzwa kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu, iliyokua mifupi, haivumilii kuvutwa kwa ghafla. Mguu hunyooka, lakini hubaki mfupi na mgumu kidogo, baada ya majuma mengi ya kufungwa plasta.

Njia iliyo nyepesi zaidi ilibuniwa na Daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo ilienea Afrika Mashariki katika miaka ya 2000. Wayo wa mtoto mchanga hunyoshwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta mpya kila juma. Plasta hiyo hutokana na jasi, madini yale yale yachimbwayo Makanya. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito, hasa usiku, hadi umri wa miaka minne hivi.

Hivyo kisu cha mifupa mara nyingi ni gharama ya kuchelewa. Usharika huwapokea watoto kwa ubatizo wakiwa wachanga. Mzee wa kanisa au mama wa ubatizo akiiona miguu iliyopinda siku hiyo, na kuwahimiza wazazi wamfikishe mtoto hospitalini bila kumficha, atakuwa amemwepusha na kisu hicho.