Dawa za Miti katika Pwani ya Rongui

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, Mponyaji wa waja wake. Kisiwa cha Rongui, jirani ya Vamizi, kimo katika njia ya kale ya majahazi ya kusi na kaskazi, na dawa nazo zilisafiri kwa njia hiyo. Mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi, umekuwa mti wa nyumbani pwani nzima. Mkwaju, kinyume chake, asili yake ni Afrika. Waarabu waliliita tunda lake tende ya Kihindi, na matabibu wa Kiislamu wakalitumia kulainisha tumbo.

Lakini dawa ina kipimo. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Na mgonjwa wa malaria asicheleweshwe kupelekwa hospitali.

Palma iliposhambuliwa mwezi wa Machi 2021, watu wengi wa pwani hii walihama. Miti ilibaki, bali wajuao kipimo chake walitawanyika. Basi wazee waulizwe wangali hai, na yaandikwe: jina la mti, sehemu itumikayo, kipimo na hatari yake. Wallahu aalam.