Presha, Donge na Ubishi wa Sebuleni



Mchana wa Aprili 12, 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa ameketi nyumbani kwake Warm Springs, Georgia, akichorwa picha. Ghafla akalalamika kuwa kisogo kinamuuma mno, akazimia. Daktari alipompima presha akakuta 300 kwa 190. Kabla ya saa kumi jioni alikwisha fariki. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Stalin, aliyekuwa naye Yalta miezi miwili nyuma, naye alikufa kwa maradhi hayohayo Machi 5, 1953. Miongoni mwa tiba alizopewa ni kuwekewa ruba wamnyonye damu.

Niliwakumbuka wakubwa hao siku baba yangu mdogo alipoanguka sebuleni, mdomo umekwenda upande. Jirani mmoja alitaka tumpe haraka vidonge vyake vya presha. Mwingine akapinga: "Mkiishusha presha, ubongo utakosa damu, mtammaliza." Tukabishana huku mgonjwa anakoroma.

Ubishi ule haukuwa wa majirani peke yao. Madaktari bingwa nao waliuendeleza kwa miongo kadhaa. Damu iliyovuja hufanya donge, na donge hukandamiza sehemu ya ubongo iliyo jirani. Je, ukishusha presha inayosukuma damu, sehemu hiyo haitakufa njaa? Na ukiiacha juu, je, donge halitazidi kukua? Ili kujibu, ilibidi kupima mwendo wa damu ndani ya fuvu la mtu aliye hai.

Kipimo cha kwanza cha kuaminika kwa binadamu kilitangazwa mwaka uleule aliokufa Roosevelt. Huko Philadelphia, Seymour Kety na Carl Schmidt walimvutisha mtu gesi kidogo ya naitrasi oksaidi, ile ya usingizi, kwa dakika 10, huku wakichukua damu kwenye mshipa unaotoka moyoni na ule unaotoka kichwani. Tofauti ya gesi katika damu hizo mbili iliwapa hesabu: kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na mililita 50 na ushee za damu kwa dakika. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni.

Ila hesabu ile ilikuwa wastani wa ubongo mzima, kama kupima maji ya jiji kwenye bomba kuu bila kujua ni mtaa gani umekauka. Miaka ya 1960, Niels Lassen wa Denmark na David Ingvar wa Sweden walitumia gesi zenye mionzi kupima sehemu moja moja. Mwaka 1971, mjini London, mashine ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza. Tangu hapo daktari akaweza kuliona donge lenyewe bila kupasua fuvu.

Jibu lilikuja polepole. Mwaka 2001 watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwapima wagonjwa wachache, wakakuta ni kweli damu hupungua kandokando ya donge, lakini matumizi ya oksijeni ya sehemu hiyo yamepungua zaidi. Haikuwa njaa, lilikuwa jeraha. Mwaka 2013 utafiti wa Kanada kwa wagonjwa 75 ulionyesha kuwa kushusha presha mapema hakukupunguza damu kandokando ya donge. Mwaka huohuo utafiti mwingine, wa wagonjwa 2,839 katika nchi mbalimbali, ulikuta kuishusha upesi kuelekea 140 hakukupunguza vifo, lakini kulielekea kupunguza ulemavu kidogo.

Basi jirani yupi alikuwa sahihi? Hakuna. Kiharusi cha mshipa kupasuka na kile cha mshipa kuziba hufanana kwa macho, na kwa kile cha kuziba, kushusha presha ovyo kunaweza kudhuru kweli. Wa kuvitofautisha ni picha ya kichwa, si wajuzi wa sebuleni. Ubishi wetu ulimchelewesha baba mdogo saa nzima. Aliponea, lakini mkono wake wa kulia haukurudi.

Wakati wa Roosevelt dawa nzuri za presha hazikuwapo. Leo zipo, na kazi yake ni kumezwa kila siku kabla mtu hajaanguka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tukutane wiki ijayo.