Tour de France: Hatua 21, jezi nne na jinsi ya kuzifuatilia kwenye simu

Julai 1, 2024, mjini Torino, Italia, Biniam Girmay wa Eritrea alivuka mstari mbele ya wote na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Muda mfupi baadaye jezi ya njano, ile ya kiongozi wa mashindano, akavalishwa mtu mwingine kabisa: Richard Carapaz wa Ecuador, ambaye siku hiyo hakuwa hata kwenye tatu bora.

Kama umezoea soka, hapo lazima ujiulize: sasa nani kashinda?

Jibu ni kwamba wote wawili walishinda. Ukielewa kwa nini, umeshaelewa mbio hizi, na kila Julai utaweza kuzifuatilia kwenye simu yako bila kupotea. Twende nalo taratibu, kwa mifano ya mashindano ya 2024.

Mshindi wa siku na mshindi wa mbio

Tour de France ina hatua 21. Hatua ni safari ya siku moja, kutoka mji mmoja hadi mwingine. Kuna siku mbili tu za mapumziko, kwa hiyo kazi nzima inachukua siku 23. Mwaka 2024 waliondoka Florence, Italia, Juni 29, wakamaliza Nice, Ufaransa, Julai 21, baada ya karibu kilomita 3,500. Kwa kawaida mwisho huwa Paris, lakini mwaka huo Paris ilikuwa inajiandaa na Olimpiki.

Kila siku anapatikana mshindi wa hatua. Anapanda jukwaani, anapewa euro 11,000 na jina lake linaingia kwenye historia. Lakini anayeshinda mashindano ni yule ambaye, ukijumlisha muda wake wa hatua zote, ametumia muda mfupi kuliko wengine. Huyo anaondoka na euro 500,000, ambazo kwa desturi anagawana na wenzake wa timu.

Ndiyo maana kwenye matokeo utaona orodha mbili: matokeo ya hatua na msimamo wa jumla. Usizichanganye.

Kuna jambo jingine la kujua. Watu wakifika kwenye kundi moja lisilokatika, wote wanaandikiwa muda mmoja, hata kama wewe ni wa kwanza na mwenzako ni wa 80. Siku ya Torino, Carapaz, Tadej Pogačar, Remco Evenepoel na Jonas Vingegaard walikuwa sawa kabisa kwa muda. Kwa kuwa bado hakukuwa na hatua ya kupambana na saa, zikajumlishwa nafasi walizomaliza kila siku. Carapaz ndiye aliyekuwa na jumla ndogo, akavaa njano.

Sekunde si kitu kidogo

Kwenye hatua za kawaida, watatu wa kwanza wanapunguziwa muda kama zawadi: sekunde 10, 6 na 4. Mgeni anaweza kucheka. Mbio za karibu saa 80, sekunde 4 zina maana gani?

Muulize historia ya 1989. Mfaransa Laurent Fignon aliingia hatua ya mwisho akiongoza kwa sekunde 50. Zilikuwa zimebaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu akikimbia peke yake dhidi ya saa. Mmarekani Greg LeMond akamzidi kwa sekunde 58 siku hiyo. Baada ya wiki tatu, Fignon akapoteza taji kwa sekunde 8, nyumbani kwao, mbele ya watu wake. Hadi leo hakuna Tour iliyoamuliwa kwa tofauti ndogo zaidi ya hiyo.

Jezi nne, vita nne

Ndani ya mbio moja kuna mashindano manne yanayoendelea kwa wakati mmoja. Rangi za jezi ndizo zinazokuonyesha nani anaongoza wapi.

Njano: mwenye muda mfupi zaidi kwa jumla. Mwaka 2024 ilichukuliwa na Pogačar wa Slovenia, akimwacha Vingegaard wa Denmark kwa dakika 6 na sekunde 17.

Kijani: mwenye pointi nyingi. Pointi zinapatikana mwisho wa hatua na kwenye mstari mmoja uliowekwa katikati ya njia. Hatua za tambarare ndizo zenye pointi nyingi, ambapo mshindi wa 2024 alipata 50. Hii ni jezi ya wenye kasi ya mwisho.

Nyeupe yenye madoa mekundu: mfalme wa milima. Vilima vimepangwa kwa madaraja, kuanzia la nne ambalo ni jepesi hadi la kwanza. Juu yake kuna milima mikali kiasi kwamba Wafaransa wanaiita "hors catégorie", yaani haina daraja. Anayefika juu kwanza anapata pointi, kati ya 1 kwenye kilima kidogo na 20 kwenye milima hiyo mikubwa. Mwaka 2024 jezi hii ilikuwa ya Carapaz.

Nyeupe: kijana bora, kwa muda wa jumla, miongoni mwa wasiozidi miaka 25. Evenepoel wa Ubelgiji aliichukua 2024.

Jua aina ya hatua kabla hujafungua simu

Ukiangalia ratiba asubuhi, utakuta mchoro wa njia unaoonyesha mpando na mteremko. Huo mchoro peke yake unakuambia nani atang'ara siku hiyo.

Mchoro ukiwa umelala, ni hatua ya tambarare. Kilomita 150 za mwanzo zinaweza kuwa tulivu, kisha dakika 10 za mwisho ni vurugu tupu. Ukiona bango jekundu juu ya barabara, limebaki kilomita 1.

Mchoro ukiwa kama meno ya msumeno, ni siku ya vilima. Hapo ni ngumu kutabiri, wenye akili na ujasiri ndio wanaofaidi.

Mchoro ukipanda hadi mawinguni, kaa chini. Hizo ni hatua za milima, na huko ndiko jezi ya njano inakoamuliwa. Hatua ya 19 mwaka 2024 ilipita Cime de la Bonette, mita 2,802 juu ya usawa wa bahari.

Ya mwisho ni hatua ya kupambana na saa. Mtu anaondoka peke yake, hana wa kumkinga upepo, na saa haimhurumii. Ndiyo iliyomliza Fignon.

Mbona mtu mmoja anashinda lakini wako timu?

Sababu kubwa ni upepo. Ukiendesha nyuma ya mwenzako unatumia nguvu kidogo sana kuliko yeye aliye mbele. Anayewahi kupanda bodaboda na kujificha nyuma ya mgongo wa dereva anajua ladha yake.

Kila timu ina watu wanane, na mara nyingi ana mmoja anayepiganiwa. Saba waliobaki wanamkinga upepo, wanarudi nyuma kwenye gari la timu kumchukulia maji, wanamsubiri akipata pancha, hata kumpa baiskeli yao ikibidi. Baadhi yao wanamaliza maisha yao ya michezo bila kushinda hatua hata moja, na bado wanaheshimiwa.

Upepo wa ubavuni nao ni balaa. Ukivuma, kundi kubwa linakatika vipande vipande na aliyezubaa nyuma anaweza kupoteza dakika nzima kwenye barabara iliyonyooka kabisa.

Waliotoroka watakamatwa?

Karibu kila siku, watu wachache wanachomoka mapema na kuliacha kundi kubwa. Kwenye simu utaona: "Waliotoroka: dakika 3 na sekunde 20." Utajuaje kama watafika?

Wazoefu wana hesabu yao: kwenye tambarare, kundi kubwa likiamua kukimbiza, linaweza kurudisha karibu dakika 1 kwa kila kilomita 10. Zikibaki kilomita 30 na waliotoroka wana dakika 2, wako hatarini. Wakiwa na dakika 6, anza kuwaamini. Si sheria, ni makadirio tu, lakini yanafanya usomaji wa namba uwe mtamu.

Na wakati mwingine ukatili unakuja mwishoni kabisa. Kwenye ile hatua ya 19, Matteo Jorgenson wa Marekani aliongoza peke yake kwenye mpando wa mwisho wa Isola 2000. Pogačar akampita zikiwa zimebaki chini ya kilomita 2.

Usisahau mkia wa mbio

Hapa ndipo wengi wanapokosa utamu. Kila hatua ina muda wa kikomo, unaopigwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Ukiuzidi, umeondolewa, kesho huanzi. Kwa hiyo kwenye milima, wenye miili mizito na kasi ya tambarare hujikusanya nyuma na kusaidiana ili wafike kabla lango halijafungwa. Wenyewe kundi hilo wanaliita "basi".

Mfano bora ni Mark Cavendish wa Uingereza. Siku ya kwanza ya 2024, kwenye joto kali na vilima kati ya Florence na Rimini, alikuwa anatapika juu ya baiskeli akiwa na miaka 39. Wenzake wa timu walikaa naye. Alifika karibu dakika 40 baada ya mshindi, lakini ndani ya muda.

Siku nne baadaye, mjini Saint-Vulbas, alishinda hatua yake ya 35 ya Tour, akavunja rekodi aliyokuwa akishirikiana na Eddy Merckx. Kama wenzake wangemwacha siku ya kwanza, rekodi ile isingekuwepo. Kwa hiyo hatua ikiisha, usizime simu. Angalia nani bado yuko barabarani.

Ajali na kilomita 3 za mwisho

Ukianguka au ukapata pancha ndani ya kilomita 3 za mwisho za hatua ya tambarare, unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Lengo ni kupunguza msongamano wa watu wanaogombania nafasi kwa hofu. Siku nyingine waandaaji huanza kuhesabu mbali zaidi ya hapo, kama njia ni hatari.

Lakini sheria hiyo inaokoa muda, haiokoi pointi. Girmay aliijua kwa maumivu. Kwenye hatua ya 16 alianguka karibu na mwisho mjini Nîmes, huku Jasper Philipsen wa Ubelgiji, mpinzani wake wa jezi ya kijani, akishinda hatua. Girmay alifika, akapewa muda wake, ila pointi 50 zilikwenda kwa Philipsen.

Kesho yake aliamka na majeraha akapanda baiskeli. Alifika Nice na pointi 387 dhidi ya 354 za Philipsen. Hatua tatu na jezi ya kijani, kutoka timu ndogo ya Ubelgiji. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuichukua jezi hiyo kabla yake.

Afrika Mashariki na mbio hizi

Si mbio za mbali sana na sisi. Chris Froome, mshindi wa 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi na alijifunza baiskeli kwa David Kinjah huko Kikuyu kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya milima. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ameshinda Tour du Rwanda.

Kwa wanawake, Tour de France Femmes ilianza 2022. Mwaka 2025 Kim Le Court wa Mauritius alivaa njano na kushinda hatua.

Ratiba yako ya Julai

Asubuhi: angalia mchoro wa njia. Dakika moja inatosha.

Saa 10 jioni: soma nani katoroka na ana dakika ngapi. Kama bando ni dogo, matangazo ya maandishi kwenye tovuti rasmi ya mashindano yanatosha.

Saa 11:30 jioni: kama una bando la video, litumie sasa. Ufaransa wako nyuma yetu kwa saa moja mwezi Julai, hivyo hatua nyingi zinaishia kati ya saa 12 na saa 1 jioni kwa saa za Dar na Nairobi.

Usiku: fungua msimamo wa jumla, angalia tofauti ya sekunde kwa watano wa juu, kisha shuka hadi chini kabisa uone nani ameponea chupuchupu.

Na kama huwezi kusubiri Julai, Tour du Rwanda hufanyika kila mwaka kati ya Februari na Machi, kwa mfumo huohuo wa hatua, muda wa jumla na jezi ya njano. Ile huhitaji bando. Panda basi, simama pembeni ya barabara Kigali, wanapita mbele yako bure.