Historia ya Wakonongo

Wakonongo ni kabila la Kibantu la magharibi mwa Tanzania. Wanaishi hasa katika mkoa wa Katavi, wilaya ya Mlele, ambayo makao makuu yake ni Inyonga. Wengine wako upande wa mkoa wa Tabora. Nchi yao ya jadi huitwa Ukonongo, na lugha yao, Kikonongo, iko karibu na Kinyamwezi. Mwaka 1987 walikadiriwa kuwa 51,000.

Historia yao inaweza kugawanywa kwa kufuata watawala: watemi, Wajerumani, Waingereza, kisha serikali huru. Hata hivyo, badiliko lililogusa maisha ya watu kuliko yote ni kuhamishwa kutoka msituni.

Enzi ya watemi

Wakonongo hawakuwa na dola moja. Kila eneo lilikuwa na mtemi wake. Watu waliishi wametawanyika katika misitu ya miombo, wakilima, wakiwinda na kurina asali; ardhi ilipochoka, walihamia mahali pengine. Mbung'o walifanya ufugaji wa ng'ombe kuwa mgumu.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita Ukonongo ikitoka Tabora kuelekea Ufipa. Kulikuwa pia na hofu ya ruga-ruga, askari wa watawala kama Mirambo, hivyo vijiji vingi vilizungushiwa maboma ya miti. Mwaka 1871, vita vya Mirambo vilipofunga njia ya kawaida ya Ujiji, Henry Morton Stanley alizunguka kusini kupitia Ukonongo akimtafuta David Livingstone. Mwanzoni mwa 1872 wote wawili walirudi Tabora kwa kupita huko, na Agosti mwaka huohuo Livingstone alianza tena safari ya kwenda kusini, ambayo hakurudi. Stanley alizaliwa Wales na Livingstone Uskoti. Kwa hiyo watu wa Britania walijulikana hapa kama wapita njia miongo kadhaa kabla ya kuwa watawala.

Ukoloni na malale

Wajerumani walitawala kutoka Tabora, mji uliotekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916. Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, ambayo katika miaka ya 1920 iliwatumia watemi kama watawala wa chini yake.

Katika miaka hiyo ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ulienea magharibi mwa Tanganyika. Serikali iliamua kuwakusanya watu katika makazi makubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wengi wakilima pamoja hufyeka vichaka wanamokaa mbung'o, na mganga huwafikia wagonjwa kwa urahisi. Kitabibu hoja hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mahame yaliyoachwa yalifunikwa na miti, wanyamapori wakaongezeka, na baadaye sehemu kubwa zikatangazwa kuwa misitu ya hifadhi na mapori ya akiba. Mgeni huyaona kama pori lisilowahi kukaliwa, ingawa yana makaburi na mashamba ya zamani, na mjukuu wa waliohamishwa anahitaji kibali ili kuingia.

Baada ya uhuru

Utemi ulifutwa mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa viliwakusanya watu upya. Mwaka 1974 Mpanda, iliyokuwa na Inyonga ndani yake, iliingizwa katika mkoa mpya wa Rukwa. Baadaye wafugaji na wakulima Wasukuma walihamia kwa wingi, na kilimo cha tumbaku, kinachohitaji kuni nyingi za kukaushia majani, kikapanuka. Mwaka 2012 Katavi ilitengwa na Rukwa na wilaya ya Mlele ikaanzishwa.

Kazi iliyodumu katika vipindi vyote ni ufugaji nyuki. Mizinga ya magome na ya magogo bado hutundikwa mitini karibu na ya kisasa, na asali na nta ya Inyonga huuzwa mbali. Misitu ya Mlele ina eneo lililotengwa kwa ajili ya wafugaji nyuki, ambao hukaa makambini msituni wakati wa kurina, kisha hurudi vijijini.