Mtande, Mshindio na Tarizi: Historia Ndani ya Kiunzi cha Mbao

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye huku bara, tuseme Ryansoro, katika vilima vya Gitega nchini Burundi, hukutana na maneno ambayo wanafunzi huyakariri bila ya kukiona kitu chenyewe. Miongoni mwayo ni mtande, yaani nyuzi zitandwazo kwa urefu. Mshindio, yaani uzi upitishwao kwa upana. Na tarizi, yaani kutia nakshi au kufuma utepe katika pindo la nguo.

Maneno hayo yalizaliwa na kazi. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vigurudumu vidogo vya vigae, vilivyotumika kusokotea pamba. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba nguo za mji huo zilipelekwa hata Misri. Baadaye Wareno walizitaja hariri za Pate. Neno tarizi lina asili ya Kiajemi, nalo lilipitia Kiarabu, ambako tiraz ilikuwa utepe wenye maandishi katika nguo za heshima. Mfumi naye alikuwa na kitanda chake, kwa kuwa juu yake ndipo mtande ulipotandwa.

Burundi ilifuata njia nyingine. Gome la mti uitwao umuvumu lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo ya mbao mpaka likatanuka na kulainika, ndiyo impuzu. Katika karne ya 19 merikani, nguo ya pamba iliyotoka Marekani, ilipita Unguja na Tabora ikafika Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nguo za viwandani zilipoenea, vitanda vingi vya wafumi vya pwani vilinyamaza, na nyundo za magome nazo zikanyamaza. Hata hivyo maneno yalisalia: leo Mrundi huita impuzu nguo yoyote avaayo.

Basi, kikundi cha jamii kitakacho kufuma tepe hakihitaji mashine. Yatosha ubao mmoja mzito wa msingi, nguzo mbili au tatu zilizosimamishwa imara, na vigingi laini vya kuzungushia mtande. Kigingi kimoja kiwe cha kusogezwa, ili kukaza au kulegeza nyuzi. Uzi mmoja hupitishwa katika kitanzi kilichofungwa chini, unaofuata huachwa huru. Nyuzi zilizo huru zikiinuliwa kwa mkono, mwanya hufunguka na mshindio hupita. Zikikandamizwa, mwanya wa pili hufunguka, mshindio ukarudi. Upana wa utepe hutegemea wingi wa nyuzi za mtande.

Kiunzi hiki si urithi wa Ryansoro, wala si kile kitanda cha wafumi wa zamani wa pwani. Yafaa mwalimu aseme hivyo waziwazi. Vilevile asimwache mtoto adhani kwamba wazee wake, kwa kuwa hawakufuma pamba, hawakuwa na ufundi wa nguo. Amwonyeshe mtande na mshindio katika kiunzi, kisha amwulize nyumbani kwao nani anakumbuka jinsi gome lilivyopondwa. Wanaokumbuka wanapungua, na neno likibaki peke yake halimfundishi mtu kazi.